Kwa nini vifurushi hufika mjini salama na kukwamia njia ya kijijini

WAKAZI wengi wa mashinani wanaoagiza bidhaa kutoka Nairobi, Mombasa au Kisumu wanaijua vyema arafa ya kuwaarifu kwamba mzigo wao umefika. Huja mapema, aghalabu asubuhi ya siku inayofuata ile ya kutumwa, na humpa mwenye mzigo furaha ya muda mfupi.

Neno "umefika" katika arafa hiyo lina maana finyu. Mzigo umefika katika afisi ya basi au ya kampuni ya vifurushi iliyo mjini. Kutoka hapo hadi nyumbani kwa mwenyewe huenda kumesalia kilomita 30 za barabara ya changarawe, mto usio na daraja na, mvua ikinyesha, siku mbili tatu za kungoja.

Kwa kawaida lawama za vifurushi vilivyochelewa au kupotea huelekezwa kwa mabasi na kampuni kubwa za uchukuzi. Baadhi ya lawama hizo ni za haki. Hata hivyo, ukiifuatilia safari ya kifurushi hatua kwa hatua utabaini kwamba sehemu ya barabara kuu ndiyo iliyoimarika zaidi katika miaka 20 iliyopita. Mashaka huanzia pale risiti inapokoma. Risiti anayopewa mtumaji huandikwa jina la mji, mathalani Bungoma, Kitui, Maua au Malindi. Baada ya mji huo hakuna karatasi, hakuna bima, na mara nyingi hakuna wa kuwajibika.

Ili kuelewa jinsi hali hii ilivyotokea, hatuna budi kuanzia kwa Posta.

Mfumo wa anwani wa Kenya haukuundwa ili mtu apelekewe barua nyumbani. Uliundwa ili mtu aende kuichukua. Katika nchi nyingi za Ulaya nyumba ina namba, barabara ina jina, na tarishi hubisha hodi. Humu nchini anwani ni kisanduku kilicho ukutani mwa afisi ya posta, chenye namba na ufunguo. Tuliurithi mfumo huo kutoka enzi za ukoloni, ukaendelezwa na shirika la pamoja la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977, kisha na Shirika la Posta na Simu la Kenya. Shirika hilo nalo liligawanywa mwaka wa 1999, likazaa Shirika la Posta, Telkom Kenya na tume ya kudhibiti mawasiliano.

Mkulima wa kawaida hakuwa na sanduku lake. Alitumia la shule ya msingi, la kanisa, la chama cha ushirika au la mwenye duka anayejulikana. Barua ilipofika shuleni, jina la mwenyewe lilisomwa gwarideni na mtoto wa jirani akaibeba jioni. Ulikuwa mfumo wa kuaminiana, na ulifaa kwa sababu barua ni nyepesi, haiozi, na aghalabu haimtii mtu tamaa.

Kifurushi ni kitu cha aina nyingine. Kina uzani, kina thamani, na pengine kina uhai ndani yake. Posta ilikihifadhi nyuma ya kaunta na kumwachia mwenye sanduku kikaratasi cha kumwita. Kwa yule aliyetumia sanduku la shule, kikaratasi hicho kilipitia mikono mitatu au minne kabla ya kumfikia, kisha ikambidi kufunga safari hadi mjini akiwa na kitambulisho.

Sheria iliipa Posta haki ya kipekee ya kusafirisha barua zisizozidi gramu 350 na ya kukodisha masanduku. Kwa upande wa pili ilitwikwa jukumu la kuwahudumia wananchi kote nchini, hata kule kusikokuwa na faida. Mpango huo ulikuwa na mantiki yake: mapato ya barua na masanduku ya mijini yalisaidia kulipia gari linalokwenda mashambani.

Mantiki hiyo ilivunjwa na simu ya mkononi. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, pesa zilizokuwa zikitumwa kwa hawala za posta zilihamia kwenye simu. Salamu nazo zilihamia kwenye arafa. Barua zilipopungua, mapato ya kulipia gari la mashambani yalipungua pia, ilhali jukumu la kisheria lilibaki palepale. Kuanzia mwaka wa 2013 baadhi ya majengo ya Posta yaligeuzwa kuwa makao ya vituo vya Huduma. Katika miaka ya hivi karibuni wafanyakazi wa shirika hilo wamelalamika hadharani kuhusu kucheleweshewa mishahara. Sidhani ni haki kuwalaumu makarani walio nyuma ya kaunta kwa kasoro ambayo chanzo chake ni hesabu zisizooana.

Juhudi za kuunusuru mfumo zimekuwepo. Mnamo 2016 Posta ilianza kushirikiana na kampuni ya humu nchini katika huduma ya Mpost, inayoigeuza namba ya simu kuwa anwani. Mtu asiye na sanduku huweza kusajili namba yake, akachagua afisi ya posta iliyo karibu naye na kupokea arafa barua au kifurushi kinapowasili. Hatua hiyo ilikiondoa kile kikaratasi na mikono yake mitatu. Hata hivyo, namba ya simu hueleza mzigo ni wa nani. Haielezi nyumba yake iko wapi. Mwenyewe bado huenda kuuchukua.

Huku Posta ikiyumba, mabasi yalikuwa yamekwisha kuchukua nafasi yake kimyakimya.

Sababu ya mabasi kufaulu si siri. Basi la abiria litasafiri hata kama hakuna kifurushi hata kimoja, kwa kuwa nauli za abiria zimekwisha kulipia mafuta na mshahara wa dereva. Kifurushi kinachotiwa ndani ya buti ni faida ya ziada. Ndiyo maana ada ya basi huwa nafuu, na ndiyo maana huduma hiyo ipo kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Kampuni maalumu za vifurushi, kama vile G4S, Wells Fargo na Fargo Courier, hulazimika kulipia gari lote kwa mizigo pekee.

Wasomaji wa makamo watalikumbuka basi la Akamba, ambalo kwa miongo kadhaa lilibeba kila kitu kuanzia vitabu hadi vipuri. Hata waandishi wa habari wa mashinani, kabla ya enzi ya barua pepe, walituma filamu za picha kwa mabasi ya usiku. Akamba ilipoporomoka mwanzoni mwa muongo wa 2010, wateja hawakupoteza basi tu. Waliupoteza pia mtandao wa afisi ambazo makarani wake waliwajua kwa majina. Kampuni nyingine na vyama vya matatu viliziba pengo hilo, kila kimoja kwenye njia yake.

Uaminifu wa basi hutegemea mambo ambayo mwenye kifurushi hana usemi juu yake. Baada ya ajali iliyoua watu 36 katika eneo la Migaa kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret mnamo Desemba 31, 2017, serikali ilipiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye. Ilikuwa hatua ya kuokoa maisha, na hakuna mwenye busara atakayelinganisha kifurushi na roho ya mtu. Lakini kwa mwenye mzigo ilikuwa na maana yake: kile kilichokuwa kikitumwa jioni na kupokewa alfajiri sasa kilisafiri mchana kutwa, juani, na kuwasili mjini wakati magari ya kwenda vijijini yamekwisha kuondoka.

Kuna pia desturi ya kuangusha mzigo njiani. Mtumaji hupiga simu na kutaja namba ya gari na jina la kondakta. Mpokeaji husimama kwenye makutano ya barabara na kungoja. Kifurushi hupita dirishani, gari likaondoka. Hapo namba ya gari na ile ya simu ya kondakta ndizo rekodi pekee zilizopo. Nijuavyo, desturi hii hufaulu mara nyingi kuliko watu wa mijini wanavyodhani, kwa sababu kondakta atapita tena mahali hapo kesho na keshokutwa na hana pa kujificha. Inaposhindikana, hata hivyo, hakuna afisi ya kushtakia.

Suala la leseni halipaswi kupuuzwa hapa. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka wa 1998, pamoja na kanuni za huduma za posta na vifurushi za mwaka wa 2010, inamtaka kila anayesafirisha vifurushi kwa malipo awe na leseni. Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikiwaonya mara kwa mara wanaoendesha biashara hiyo bila kibali. Baadhi ya mabasi na vyama vya matatu vina leseni. Vingine huchukua mizigo tu kwa mazoea. Tofauti haionekani kwa macho kwa kuwa kaunta zinafanana, mizani zinafanana na vitabu vya risiti vinafanana. Huonekana siku ya hasara, pale mwenye leseni anapokuwa na mdhibiti wa kumwita kujibu malalamiko, na asiye nayo anapozima simu.

Tuchukue mfano mmoja na kuutazama kwa makini, kwa kuwa unaonyesha vizuri hasara huanzia wapi: vifaranga wa siku moja.

Wafugaji wengi wa kuku vijijini hawana mashine za kuangulia mayai. Huagiza vifaranga kutoka kampuni za uanguaji, nyingi zikiwa karibu na miji mikubwa, na vifaranga hao hupakiwa katika makasha ya karatasi ngumu yenye matundu na kutumwa kwa basi. Jambo hili huwezekana kwa sababu ya maumbile. Kifaranga hufyonza kiini cha yai tumboni mwake muda mfupi kabla ya kuanguliwa, na akiba hiyo huweza kumweka hai bila chakula wala maji kwa muda unaofikia takriban saa 72.

Hizo saa 72 ndizo ratiba halisi ya safari nzima. Kuchanja na kupakia huchukua sehemu ya siku ya kwanza. Basi huondoka jioni kwa kuwa usiku kuna ubaridi, na asubuhi kasha huwa mjini. Kufikia hapo kila kitu kimekwenda vyema, na kifaranga amebakiwa na akiba ya kutosha. Kisha kasha huwekwa sakafuni mwa afisi. Mfugaji anapata arafa saa mbili, anatafuta nauli, anakosa gari la mapema, na anawasili saa nane. Ikiwa chumba hicho kina paa la mabati na dirisha dogo, kasha limekaa saa sita katika joto ambalo lingemchosha hata mtu mzima.

Ubaya wa hasara hii ni kwamba haionekani papo hapo. Mfugaji hufungua kasha, akaona vifaranga wanasimama, akatia sahihi. Waliokaukiwa maji mwilini huanza kufa siku ya pili, ya tatu hadi ya tano. Hapo mabishano huanza. Kampuni ya uanguaji husema iliwatoa wakiwa wazima. Basi husema lilifika kwa wakati. Mwendeshaji bodaboda husema alikwenda polepole. Wote huenda wanasema kweli. Mfugaji ambaye pengine alitumia mkopo wa chama kuwanunua hubaki na mizoga na madeni.

Chanjo ya kuku huwa na tatizo linalofanana na hilo, tena lenye hila zaidi. Chanjo ya ugonjwa wa Newcastle, ambao wafugaji wengi huuita kideri, hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzijoto kati ya 2 na 8. Hutumwa ikiwa ndani ya chupa ya kuhifadhi ubaridi pamoja na barafu. Barafu ikiyeyuka huku mzigo ukimngoja mwenyewe, dawa hupoteza nguvu, lakini haibadilishi rangi wala harufu. Mfugaji huwachanja kuku wake wote, akaridhika, na miezi miwili baadaye ugonjwa ukafagia boma.

Kwa bidhaa kama ukanda wa kinu cha kusaga mahindi au kipuri cha pampu ya maji, kukawia hakuharibu kitu chenyewe. Hasara iko kwingine: kinu hukaa kimya siku ya soko, na wateja huzoea njia ya kwenda kwa mshindani.

Jiografia nayo ina usemi wake. Mzigo wa kwenda kisiwa cha Lamu husafiri kwa basi hadi Mokowe, ukashushwa gatini, ukavushwa kwa mashua, kisha ukabebwa kwa mkokoteni au kwa punda katika vichochoro ambamo gari haliwezi kupita. Ukiwa wa kwenda Faza au Kizingitini katika kisiwa cha Pate, kuna mashua nyingine, na mashua hiyo hufuata kujaa na kupwa kwa maji wala si saa iliyoandikwa afisini. Vivyo hivyo mzigo wa Mfangano hungoja boti pale Mbita. Barua ya madai iliyoandikwa na karani wa Nairobi kwamba "usafirishaji ni wa saa 24" haina maana yoyote kwa nahodha.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha jinsi hata barabara kuu inavyoweza kugeuka kuwa njia ya kijijini. Maji ya Mto Tana yalikata barabara ya kuingia Garissa upande wa Madogo, magari yakakwama ng'ambo, na watu wakalazimika kuvuka kwa mashua. Kwa siku kadhaa vifurushi vya kaunti za kaskazini mashariki vilivyotumwa kupitia njia hiyo havikuwa na pa kupitia. Upande wa pili wa sarafu ni barabara ya Isiolo hadi Moyale, iliyokamilishwa kuwekwa lami katikati ya muongo wa 2010. Safari iliyokuwa ikila siku kadhaa nyuma ya lori sasa hufanywa kwa basi la abiria, na vifurushi vimefuata abiria.

Je, kwa nini basi hakuna kampuni inayokipeleka kifurushi hadi nyumbani kijijini? Jibu ni hesabu, na hesabu hiyo imewashinda waliokuwa na mtaji mkubwa.

Mwendeshaji pikipiki anayesambaza vifurushi katika mtaa wa Nairobi huweza kuwafikia wateja wengi kwa asubuhi moja bila kuvuka kilomita kumi. Mwenzake wa kijijini atakwenda kilomita 15 na kurudi kumpelekea mteja mmoja. Mafuta ni yaleyale awe amebeba kifurushi kimoja au sita. Taabu ni kwamba vifurushi sita vya kuelekea njia moja siku moja havipatikani kwa urahisi. Si ajabu kwa hivyo nauli ya bodaboda kwa kilomita hizo chache kupita ada ya basi kutoka Nairobi.

Kampuni ya Copia, iliyoanza humu nchini mwaka wa 2013, ilijaribu kulitatua fumbo hilo kwa njia ya kuvutia. Haikumfuata mteja mlangoni. Iliwatumia wenye maduka na wafanyabiashara wengine wadogo kama mawakala: mteja aliagiza kupitia kwa wakala, bidhaa za kijiji kizima zikakusanywa, na gari likazishusha mahali pamoja. Mteja asiye na simu ya kisasa wala anwani aliweza kuagiza unga, mabati au godoro kwa mtu anayemfahamu tangu utotoni. Januari 2022 ilitangaza kupata mtaji wa dola milioni 50, na ilipanua shughuli hadi Uganda kabla ya kujiondoa huko mwaka wa 2023. Mei 2024 iliwekwa chini ya msimamizi, na wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakakabiliwa na kupoteza kazi. Mwaka mmoja kabla, Sendy, kampuni nyingine ya uchukuzi iliyoanzia Nairobi, ilikuwa imefuata njia hiyohiyo ya kufungwa.

Kuanguka kwa Copia hakuonyeshi kwamba wazo la wakala lilikuwa bovu. Kwa maoni yangu wazo hilo ndilo lililokuwa sahihi zaidi kati ya yote yaliyojaribiwa. Lililoshindwa ni kuligharamia kutoka juu, kwa maghala, magari na mishahara ya kampuni, katika soko ambalo mteja huagiza kidogo na faida ya kila pakiti ni senti.

Kuhusu ndege zisizo na rubani, zilizoanza kusambaza damu na dawa nchini Rwanda mwaka wa 2016 na baadaye kufika magharibi mwa Kenya, zina manufaa makubwa kwa hospitali. Mwenye kinu anayengoja kipuri cha chuma hazimhusu kwa sasa.

Kinachofanya kazi kijijini leo ni toleo la zamani la sanduku la shule. Mwenye duka huwapokelea wateja wake mizigo bila malipo kwa sababu anayekuja kuchukua mzigo hanunui kiberiti tu. Mwenye gari la kupeleka mboga sokoni hurudi na vifurushi siku ya soko, na kwa kuwa siku hiyo inajulikana, watu huzipanga oda zao kuifuata. Chama cha akina mama huagiza kwa pamoja na kumtuma mmoja wao. Katika mipango hii yote vifurushi hukusanywa pamoja kabla ya kusafiri sehemu ya mwisho, jambo ambalo Copia ililifanya kwa gharama kubwa.

Kasoro ya mipango hii imo katika swali la nani hubeba hasara. Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua, na inafaa kufafanua kwa utaratibu.

Mtu anapomtuma mwendeshaji bodaboda akamchukulie kifurushi mjini, huyo ni mjumbe wake yeye, si wa kampuni. Mjumbe akitia sahihi kwenye daftari la afisi, kampuni huhesabu kwamba imekabidhi mzigo ukiwa kamili. Simu ikikutwa imevunjika kioo baada ya kilomita 20 za mashimo, kampuni itaonyesha sahihi, na ni vigumu kuipinga. Kwa hivyo wakati wa kukagua ni pale kaunta, kabla ya kutia sahihi. Mjumbe afungue kasha mbele ya karani, apige picha kwa simu na kumtumia mwenye mzigo, na ikiwa kuna hitilafu aiandike kwenye daftari hilohilo kando ya sahihi yake. Makarani wengine hununa, haidhuru.

Mambo hubadilika ikiwa muuzaji ndiye aliyeahidi kufikisha bidhaa hadi kijijini na akatoza ada yake. Hapo mjumbe ni wake, na safari yote ni juu yake hadi mteja atakapopokea. Ndiyo maana inafaa kuuliza kabla ya kulipa, tena kwa ujumbe ulioandikwa: bei hii ni ya kufikisha wapi? Jibu la "tunatuma kote nchini" si jibu.

Aidha, thamani ya mzigo itajwe na kuandikwa kwenye risiti. Watumaji wengi huandika "nguo" au "vitu vya nyumbani" ili watozwe ada ndogo. Mzigo ukipotea, fidia hukadiriwa kwa yale yaliyoandikwa, na kasha la "nguo" lililokuwa na tarakilishi hulipwa kama nguo, likilipwa kabisa. Panapotolewa bima kwa nyongeza ndogo ya ada, ni heri kuilipia kwa vitu vya thamani.

Risiti nyingi huwa na maneno yaliyopigwa chapa kwa herufi ndogo kwamba mzigo husafirishwa kwa hatari ya mwenyewe. Wengi wakisoma hayo hukata tamaa. Waama, maneno hayo hayafuti kila kitu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma hizo. Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa mwaka wa 2012 kwa misingi hiyo. Afisi iliyoacha kasha la vifaranga juani, au iliyompa mtu mwingine mzigo bila kuangalia kitambulisho, haiwezi kujificha kikamilifu nyuma ya sentensi moja iliyo kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza ni malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe, yakiwa na namba ya risiti, tarehe na picha. Kampuni yenye leseni isipojibu, Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya wateja. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021 kabla ya kuenezwa katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Kwa mfugaji wa Pate au wa vijiji vya ndani vya Kitui, bado kuna nauli ya kwenda na kurudi, kwa kuwa mahakama hizo nazo ziko mjini, aghalabu si mbali na ile afisi ya basi.